Ring, dereva wa lori aliyeizima Limerick dakika za lala salama

CHRISTY Ring hakulipwa mshahara wa kucheza. Hurling, mchezo wa Ireland wa fimbo na kampira kadogo kagumu, 15 kwa 15, ni wa ridhaa hadi leo. Kinda huyo wa Cloyne, kaunti ya Cork, aliyezaliwa 1920, riziki yake ilitoka kwenye usukani wa lori.

Mwaka 1938 alibeba ubingwa wa Ireland wa vijana akicheza beki. Mwaka uliofuata akapandishwa timu ya wakubwa, baadaye wakamsogeza mbele. Hapo ndipo walipolamba dume. Cork wakatwaa taji 1941, 1942 na 1943, ila Ring bado alikuwa mmoja tu kati ya mastaa wengi.

Shughuli ilikuwa 1944, fainali ya jimbo la Munster dhidi ya Limerick ya Mick Mackey, mjini Thurles. Vita vilifanya mafuta ya magari yaadimike, mashabiki wakapiga baiskeli hadi uwanjani. Mechi ya kwanza sare. Ya marudiano, Mackey akatupia, refa akakataa, alishapuliza filimbi ya faulo. Roho mkononi! Dakika zikiyoyoma, Ring akauchukua mpira mbali na goli, akawakimbiza mabeki, akaachia fataki hadi nyavuni. Cork wakapita kwa pointi moja.

Wakabeba na ubingwa wa Ireland, wa nne mfululizo, rekodi ambayo hakuna kaunti iliyokuwa nayo. Ring alikuwa na miaka 23. Hadi anafariki 1979, medali zake za ubingwa huo zilikuwa nane.