Rudolf Wolf, Mhesabu Madoa ya Jua

Ardhi ikitikisika tu, magrupu yetu ya simu hujaa mabingwa. Hakosekani mmoja wa kutuma picha ya jua na kudai ndilo lililosababisha. Wenzangu, wazo hilo lina zaidi ya miaka 170, na aliyelitoa hakuwa mbabaishaji hata kidogo.

Rudolf Wolf alizaliwa tarehe 7 Julai 1816 huko Fällanden, karibu na Zürich, nchini Uswisi. Alisoma Zürich, Vienna na Berlin, kisha akaenda kufundisha Bern, ambako mwaka 1847 alikabidhiwa kituo cha kuchunguza nyota. Desemba mwaka huohuo akaona kundi kubwa la madoa kwenye uso wa jua. Basi, akanasa hapo maisha yake yote.

Schwabe, Mjerumani, alishatangaza mwaka 1843 kwamba madoa hayo huongezeka na kupungua kila baada ya miaka kama 10. Wolf akataka hesabu kamili. Akabuni kanuni rahisi: hesabu makundi, zidisha kwa 10, jumlisha na idadi ya doa mojamoja, halafu rekebisha kulingana na mtazamaji na darubini yake. Akafukua kumbukumbu za watu wa kale, na mwaka 1852 akapata wastani wa miaka 11.1. Mwaka huo pia yeye, na wengine watatu kila mmoja kivyake, waligundua kwamba sumaku ya dunia huyumba kwa kufuata mzunguko uleule.

Sasa jiweke mahali pake. Kama jua linaichezesha sindano ya dira, kwa nini lisiitikise ardhi? Mwaka 1853 akapendekeza kuwa madoa na matetemeko yana uhusiano. La dira limesimama mpaka leo. La matetemeko limegoma. Mwaka 2013 Love na Thomas wa Marekani walilinganisha kumbukumbu za matetemeko na za jua, wasione uhusiano wowote wa maana. Mwaka 2020 watafiti wengine wakadai wameuona kwenye protoni zitokazo juani. Mjadala haujaisha, lakini hakuna anayeweza kutabiri tetemeko kwa kutazama jua.

Cha ajabu, Wolf aliijua bahati nasibu vizuri. Mwaka 1850 alirusha sindano mara 5,000 ili kukadiria thamani ya pai. Kumbe hata mtu wa namna hiyo anaweza kuvutwa na mambo mawili yaliyotokea pamoja.

Mwaka 1855 alihamia Zürich, akafundisha na kuhesabu hadi alipofariki tarehe 6 Desemba 1893. Hesabu yake inaendelea hadi leo, sasa ikitunzwa Brussels.

Sisi tunaokwenda kufundisha tutaulizwa swali hili darasani. Tujibu kwa ukweli: haijathibitishwa. Anayeambiwa asubiri ishara ya jua anaweza kusahau kuimarisha ukuta wa nyumba yake, na ukuta ndio unaoua.