Mwana wa Mhunzi: Maisha ya Soichiro Honda

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Ndugu wasomaji, leo tumeona vyema kuwasimulia maisha ya mwana wa mhunzi mmoja wa Japani, ambaye jina lake limesomwa ubavuni mwa pikipiki katika kila pembe ya dunia.

Kwa mkazi wa Kibagabaga, kilima chenye miteremko mikali katika Wilaya ya Gasabo, pikipiki si pambo. Ni miguu yake ya pili. Lakini wako vijana katika miji mingi ya ulimwengu wanaotafuta pikipiki kuukuu za Kijapani, hasa za miaka ya 1960 na 1970, wakazifungua hadi fremu, wakazipa kiti kifupi, usukani wa chini, taa moja ya duara na tangi lililong'arishwa, ili zifanane na zile zilizoshindana zamani. Wazee wengine huwabeza, wakisema kwamba ni ubatili kugharimia chuma kilichochakaa. Je, kazi hiyo ni mchezo, au ni shule? Tukiyachungua maisha ya hayati Honda tutapata jibu.

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 Novemba 1906 katika kijiji cha Komyo, mkoani Shizuoka. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye pia alitengeneza baiskeli mbovu; mama yake, Mika, alikuwa mfumaji. Mtoto huyo hakuwa hodari wa vitabu. Lakini gari la kwanza lilipopita kijijini, alilikimbilia, akainama kunusa mafuta yaliyodondoka ardhini, na harufu ile haikumtoka tena.

Mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 15, alikwenda Tokyo kujifunza kazi katika karakana ya magari ya Art Shokai. Alitarajia kupewa spana. Akapewa mtoto wa tajiri wake ambebe mgongoni. Alivumilia. Hatimaye aliitwa kushika vyombo, na tangu siku hiyo hakuviacha. Mwaka 1924 karakana hiyo iliunda gari la mashindano kwa kuchukua injini ya ndege ya Kimarekani na kuifunga katika fremu ya gari kuukuu. Honda alishiriki kuliunda, na siku ya mashindano alikaa ndani yake kama fundi, ndugu wa tajiri wake akiendesha. Walishinda. Kijana huyo akatambua kwamba kitu kilichomaliza kazi yake ya kwanza chaweza kufufuliwa kwa kazi nyingine, mradi mikono iwe na maarifa.

Mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la karakana hiyo. Alipenda mwendo wa kasi, na mapenzi hayo nusura yamwue. Katika mashindano ya mwaka 1936 gari alilojiundia liligongana na jingine, akarushwa nje, na ndugu yake akaumia vibaya. Vijana wanaopunguza uzito wa pikipiki kwa kuondoa kila kilichomo, hata breki nzuri na vioo, hawana budi kuikumbuka siku hiyo.

Baadaye aliazimia kutengeneza ringi za pistoni. Zilimshinda. Ringi zake zilikuwa ngumu na zenye kuvunjika, naye hakujua sababu, kwa kuwa hakuwa na elimu ya madini. Mtu huyu aliyekwisha kuwa tajiri wa karakana aliingia darasani pamoja na vijana, katika shule ya ufundi ya Hamamatsu. Alisikiliza yale tu yaliyohusu kazi yake, akakataa kufanya mitihani, akafukuzwa. Lakini maarifa aliyoyafuata alikuwa ameyapata. Hata hivyo, alipopeleka ringi 50 kwa kampuni ya Toyota zikapimwe, 3 tu zilikubaliwa. Akarudi kwenye tanuri, akafanya kazi hadi ringi zake zikakubalika.

Vita Kuu ya Pili ikaja ikaharibu yote. Kiwanda chake kimoja kilibomolewa kwa mabomu ya ndege mwaka 1944, na kingine kiliangushwa na tetemeko la ardhi la tarehe 13 Januari 1945. Vita vilipokwisha aliiuzia Toyota alichobakiwa nacho, akapumzika muda wa mwaka mmoja. Wengi walidhani amekwisha.

Hapa ndipo tunapopenda kusimama kidogo, sisi tulio katika utumishi wa jeshi. Mwaka 1946 Honda alikuta injini ndogo zilizokuwa zikiendesha mitambo ya umeme ya redio za upepo za jeshi la Japani. Jeshi lile lilikuwa limevunjwa, na injini hazikuwa na kazi tena. Honda alizichukua, akazibadilisha na kuzifunga kwenye baiskeli za kawaida. Mke wake, Sachi, aliyekuwa akichoka kukanyaga pedali kwenda kutafuta chakula, alikuwa miongoni mwa waliozijaribu barabarani. Petroli ilikuwa haba, ikachanganywa na mafuta ya misonobari. Basi chombo kilichoundwa kupeleka amri za vita kikawa chombo cha kupeleka mchele na mboga nyumbani. Sisi Wanyarwanda, tuliolazimika kuanza upya baada ya mwaka 1994, twaweza kuipima thamani ya mtu anayetazama mabaki akaona mwanzo.

Injini zile za jeshi zilipokwisha, aliunda yake mwenyewe mwaka 1947. Tarehe 24 Septemba 1948 aliandikisha kampuni yenye jina lake, ikiwa na wafanyakazi 34. Mwaka uliofuata alikutana na Takeo Fujisawa, aliyechukua jukumu la fedha na biashara, ili Honda abaki na injini zake. Mwaka 1958 ikatoka Super Cub ya sentimita za ujazo 49, yenye klachi ya kujiendesha, hata mpeleka chakula aweze kushika usukani kwa mkono mmoja. Kufikia mwaka 2017 jamii hiyo ya pikipiki ilikuwa imetengenezwa zaidi ya milioni 100.

Mwaka 1954 alikuwa ametangaza kwamba pikipiki zake zitashindana katika Kisiwa cha Man, uwanja wa mabingwa wa Ulaya. Zilifika huko mwaka 1959, na mwaka 1961 zikashinda. Mwaka 1969 ikatoka CB750, yenye silinda 4 na breki ya diski mbele. Ndiyo hiyo, pamoja na ndugu zake wadogo, inayotafutwa leo na vijana wa mtindo wa kale.

Hatutaki kumchora kama malaika. Alikuwa mwepesi wa hasira, na mara nyingine aliwapiga wafanyakazi wake. Pia alishikilia kwa ukaidi kwamba injini za magari zipozwe kwa hewa, wakati wahandisi vijana walitaka maji. Fujisawa alimkabili, naye akakubali kuwapisha vijana. Mwaka 1973 wote wawili walistaafu pamoja. Honda hakumrithisha mwanawe kampuni. Badala yake alizunguka nchi nzima kuwashukuru wafanyakazi mkono kwa mkono. Alifariki dunia tarehe 5 Agosti 1991, akiwa na umri wa miaka 84.

Sasa turudi kwenye swali letu. Anayepaka rangi tangi na kukata madigadi, huku injini ikivuta moshi, amenunua sura tu. Lakini anayefungua injini ya zamani, akapima ringi, akasafisha kabureta na kujua kwa nini pikipiki iliyorekebishwa kwa hewa ya pwani hunywa petroli kupita kiasi katika Kigali yetu, iliyo mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, huyo yumo katika shule ile ile ya Honda. Kwake sura ya kale ni mlango wa kuingilia ufundi.

Jambo hili ni la haraka kuliko linavyoonekana. Jijini Kigali pikipiki za umeme zimeanza kushika nafasi ya zile za petroli, na hilo ni jema kwa hewa tunayovuta. Lakini maarifa ya mafundi wetu yasitupwe pamoja na injini zile. Tunawasihi wenye karakana wawaruhusu wanagenzi wafungue kuukuu, waharibu, warekebishe. Na tunawasihi wazazi wasione haya mtoto akirudi nyumbani na mikono ya grisi. Baba wa Honda alikuwa na mikono ya namna hiyo, na mwanawe hakuivulia macho chini.