Chevalier Jackson: Daktari wa koo aliyepigania lebo kwenye kopo la sumu

GITEGA – Kostiki soda ni mali ya kawaida kwa watengeneza sabuni. Hununuliwa kwa gunia au kwa kilo, hugawanywa katika mifuko midogo na, ikishayeyushwa, mara nyingi humiminwa kwenye chupa iliyokuwa ya maji ya kunywa au ya soda. Mtoto mwenye kiu hawezi kujua tofauti. Funda moja linatosha kuunguza mdomo, koo na umio, na kovu linalobaki linaweza kuziba njia ya chakula kwa miaka mingi.

Karibu karne moja iliyopita, daktari mmoja wa Marekani aliiona ajali hiyo mara nyingi mno, hadi akatoka chumba cha upasuaji kwenda kupambana nayo dukani. Jina lake ni Chevalier Jackson. Maisha yake yanamgusa daktari kijana anayejifunza upasuaji Gitega, na yanamgusa vilevile mfanyabiashara anayevusha mzigo Kobero, mpakani mwa Muyinga na Tanzania.

Jackson alizaliwa Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, tarehe 4 Novemba 1865. Kwao hakukuwa na fedha za kumsomesha. Ada ya chuo aliitafuta kwa mikono yake, akichora mapambo kwenye vyombo vya kioo na vya udongo. Mwaka 1886 alihitimu udaktari katika chuo cha Jefferson, Philadelphia, kisha akavuka bahari hadi London kujifunza kwa Morell Mackenzie, bingwa wa magonjwa ya koo aliyesifika sana wakati huo.

Siku hizo madaktari walilitazama zoloto, yaani kisanduku cha sauti, kwa kioo kidogo kilichoshikwa nyuma ya ulimi. Njia hiyo ilitokana na kazi ya mwalimu wa uimbaji, Manuel García, katika miaka ya 1850. Kioo kilimwonyesha daktari nyuzi za sauti, lakini kitu kilichokwama chini zaidi, kwenye umio au kwenye mirija ya mapafu, kilibaki nje ya uwezo wake.

Aliporudi Pittsburgh, Jackson alifungua kliniki na kuanza kutengeneza vyombo vyake mwenyewe. Yapata mwaka 1890 alipata bomba la kuingiza kwenye umio, na kwa bomba hilo akamtoa mtu mzima meno ya bandia na mtoto sarafu. Habari zilienea haraka na madaktari wengine wakakitaka chombo hicho. Wengi wao hawakuwa wamefundishwa kukitumia. Wapo waliotoboa umio wa wagonjwa, na wagonjwa wakafa.

Jambo hilo lilimuumiza Jackson, naye akaacha kukieneza chombo chake. Aliona kwamba chombo kinaweza kufika mji wa mbali kwa siku chache, ilhali ujuzi wa kukitumia huchukua miaka. Aliendelea kukiboresha, na mwanzoni mwa karne ya 20 akawa na mabomba yenye taa ndogo kwenye ncha ya ndani. Safari hii mafunzo yalikwenda pamoja na chombo. Aliyetaka kujifunza kwake alianza kwa mazoezi, na hata mwanasesere alitumika kufundishia namna ya kutoa kitu kilichokwama kooni. Mkono ulipaswa kuzoea kwanza, ndipo umguse mgonjwa.

Kifua kikuu kilimlaza zaidi ya mara moja, na akiwa kitandani aliandika kitabu kuhusu upasuaji wa zoloto. Mwaka 1916 alihamia Philadelphia kufundisha katika chuo alichosoma, na kwa miaka iliyofuata alishika nafasi za ualimu katika vyuo kadhaa vya tiba vya mji huo. Madaktari walisafiri kutoka mbali kuhudhuria kliniki yake.

Mwaka 1921 alichapisha makala iliyobadilisha namna ya kumtoboa shingo mgonjwa asiyeweza kupumua. Alionyesha kwamba tundu likikatwa juu mno, karibu na zoloto, mgonjwa anaweza kupona lakini zoloto likajaa kovu na kuziba. Mtu huyo hubaki akipumua kwa bomba, na sauti yake huharibika. Kukata chini kidogo tu kuliwaokoa wengi na hasara hiyo.

Hata hivyo, watoto waliokunywa kostiki soda waliendelea kuletwa. Katika nyumba za Marekani ilitumika kwa usafi na kutengeneza sabuni, ikiwa nyeupe mithili ya sukari, na makopo mengi hayakuwa na onyo. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo binti mdogo ambaye kwa siku kadhaa hata maji hayakupita kooni. Jackson aliingiza bomba, akaondoa mabaki yaliyoziba sehemu iliyobanwa na kovu, kisha binti akapewa maji. Alikunywa kidogo, akitarajia yarudi. Yakashuka. Akanywa tena, halafu akaushika mkono wa daktari na kuubusu.

Jackson alijua kwamba kwa kila mtoto aliyemfikia, wapo ambao hawakufika. Kwa miaka mingi alizungumza na madaktari wenzake na watunga sheria, huku wenye viwanda wakipinga. Machi 1927 Rais Calvin Coolidge alitia saini sheria ya shirikisho kuhusu sumu zinazounguza. Iliwataka wauzaji waandike neno sumu kwenye vifungashio vya matumizi ya nyumbani, pamoja na maelezo ya huduma ya kwanza. Ilihusu bidhaa zilizovuka kutoka jimbo moja hadi jingine na zile zilizotoka nje ya nchi. Ilikuwa, kwa maneno mengine, sheria ya mizigo ya mpakani.

Jackson alifariki tarehe 16 Agosti 1958, akiwa na umri wa miaka 92. Vitu zaidi ya 2,000 vilivyotolewa katika miili ya wagonjwa, vikiwamo pini, sarafu, vifungo na vinyago, vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Mütter, Philadelphia.

Kazi ya kurithisha ujuzi inaendelea katika ukanda huu. Burundi ni mwanachama wa COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa mwaka 1999. Chuo hicho huwafundisha madaktari katika hospitali za nchi wanachama, na masikio, pua na koo ni miongoni mwa fani zake. Anayetaka kubobea katika zoloto na sauti huongeza mafunzo mengine baada ya hapo, kwa kawaida mwaka mmoja, mkono kwa mkono chini ya bingwa. Ndiyo njia ileile ya Jackson, na haina mkato.

Kwa mfanyabiashara, sehemu yake ni rahisi zaidi. Kostiki soda ibaki kwenye kifungashio chake. Ikilazimu kugawanywa, isiwekwe kamwe kwenye chupa ya kinywaji, na iandikwe sumu kwa Kirundi na Kiswahili. Mtoto akiimeza, asilazimishwe kutapika, kwa kuwa ikirudi huunguza mara ya pili. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na kifungashio. Kalamu ya wino usiofutika na kipande cha karatasi ya gundi vinapatikana katika soko lolote, Muyinga hadi Gitega, na bei yake haifiki hata nauli ya kumkimbiza mtoto hospitali.