Mzee Ojwang alitufunza kucheka bila kudharau

Mnamo Jumapili, tarehe 12 Julai 2015, Benson Wanjau aliaga dunia katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, jijini Nairobi, akiwa na umri wa miaka 78. Maradhi yaliyomwondoa ni nimonia. Kwa jina hilo la Wanjau, si wengi waliomtambua marehemu. Ilibidi litajwe jina lile jingine, Mzee Ojwang Hatari, ndipo watu waliposhika vichwa. Huku kwetu Kisii na Nyamira, simanzi ilitanda kuanzia Keroka hadi Ogembo, na kuanzia Nyansiongo hadi Suneka, kana kwamba kila boma limefiwa na babu.

Msiba huo ulikuja na mshangao wake. Wengi waliomlilia waligundua siku hiyo kwamba mzee waliyemjua kuwa Mjaluo halisi alikuwa Mkikuyu. Kwa takriban robo karne, mashabiki wake wa Gusii walimhesabu miongoni mwa majirani zao wa upande wa pili wa Sondu na Oyugis. Walidhani kwamba akivua kofia na miwani yake ya uigizaji, hurejea nyumbani mahali fulani karibu na Ziwa. Kumbe, pamoja na kofia na miwani hiyo, alikuwa akivua na lugha.

Miaka zaidi ya kumi imepita tangu azikwe katika makaburi ya Lang'ata. Aghalabu anapokumbukwa, hukumbukwa kwa vichekesho vyake na kwa unyonge wa miaka yake ya mwisho. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, lipo jambo lililo kubwa zaidi, ambalo naona ni wajibu wetu sisi tunaofundisha lugha kulieleza, kwa maana linatuhusu sisi wakazi wa nyanda hizi kuliko tunavyodhani.

Wanjau alianza kufahamika katika miaka ya 1980, enzi za Sauti ya Kenya, idhaa ambayo mwaka 1989 ilirejea kuitwa Shirika la Utangazaji la Kenya. Alionekana katika Darubini, kisha akajijengea makao ya kudumu katika Vitimbi, na mara kwa mara akafika mbele ya hakimu wa Vioja Mahakamani. Katika Vitimbi alioanishwa na Mama Kayai, ambaye jina lake halisi ni Mary Khavere. Naye vilevile si Mjaluo, bali ni Mluhya. Kwa hiyo, ndoa ya Kijaluo iliyopendwa kuliko zote nchini ilikuwa baina ya Mkikuyu na Mluhya, tena ikinenwa kwa Kiswahili.

Vijana wa leo, wenye vituo vya runinga visivyohesabika na simu viganjani, huenda wasielewe uzito wa vipindi hivyo. Hadi mwaka 1990, runinga nchini ilikuwa moja tu, ile ya serikali. Hata baada ya hapo, sisi tulioishi mbali na Nairobi tuliendelea kuitegemea hiyo hiyo kwa miaka kadhaa. Katika vijiji vingi vya Gusii stima haikuwa imefika. Aliyekuwa na runinga aliiwasha kwa betri ya gari, na betri ilipokwisha nguvu ilipelekwa sokoni ikatiwe moto upya. Nyumba moja ilipokea watazamaji wa mlima mzima. Wazee walipewa viti, akina mama wakakaa kwenye mikeka, na watoto wakajazana chini hadi mlangoni. Hawakuja kutazama habari.

Aidha, mwaka 1985 ulipoanzishwa mfumo wa elimu wa 8-4-4, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye kutahiniwa. Watoto waliomtazama Ojwang jioni ndio wale waliosahihishiwa ngeli asubuhi kwa kalamu nyekundu. Darasani, kosa la Kiswahili lilileta aibu. Kwenye runinga, kosa lile lile lilileta furaha. Wapo walimu waliohofia kwamba mzee yule angewaharibia wanafunzi, na sina budi kukiri kwamba hofu yao haikukosa msingi. Lakini makosa ya Ojwang hayakuwa makosa ya mtu asiyejua. Yalikuwa kazi ya fundi.

Hebu tuitazame kazi hiyo kwa jicho la isimu. Dholuo ni lugha ya Kiniloti. Haina ngeli za nomino kama tulizonazo katika lugha za Kibantu, wala haina sauti ya sh. Kwa sababu hiyo, Mjaluo aliyejifunza Kiswahili ukubwani huelekea kutamka shule kama sule, na huweza kujikwaa katika upatanisho wa kisarufi, asijue ni lini aseme kimevunjika na ni lini aseme umevunjika. Gikuyu, kinyume chake, ni lugha ya Kibantu yenye ngeli tele, na ndivyo ilivyo Ekegusii. Mkikuyu na Mgusii huteleza kwingine. Lugha zao hazitofautishi l na r, na ndiyo maana kulala kwao huweza kuwa kurara. Maana yake ni kwamba, ili azungumze kama Ojwang, Wanjau alilazimika kuficha makosa ambayo ulimi wake ungeyafanya kwa mazoea, kisha ajifunze makosa ya watu wengine, ayapange kwa utaratibu wao, na ayadumishe kipindi baada ya kipindi bila kuteleza. Msomaji akiona ni kazi rahisi, na ajaribu kwa muda wa dakika tano mbele ya jirani zake wa Oyugis.

Na hapa ndipo penye uzito wa jambo. Tofauti ya s na sh si mzaha katika historia ya binadamu. Wasomaji wa Biblia wanakifahamu kisa cha Waamuzi, sura ya 12, namna Wagileadi walivyoviteka vivuko vya mto Yordani, wakawa wanamtaka kila apitaye atamke neno Shibolethi. Mwefraimu hakuweza kuitamka sh. Alitamka s, na hapo hapo akachinjwa. Kitabu hicho kinataja watu 42,000 walioangamia. Wataalamu wa lugha ulimwenguni kote wamelichukua neno hilo kuwa jina la kila alama ya matamshi inayomtenga mtu wa ndani na mtu wa nje.

Wakenya hatukuhitaji kwenda Yordani kulijifunza somo hilo. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 waliuawa, jina la mtu na lafudhi yake vilitosha kumtambulisha kuwa adui. Abagusii wengi waliotimuliwa kutoka Bonde la Ufa walirejea huku wakiwa hawana kitu. Mpakani mwa Borabu na Sotik, karibu na Chebilat, majirani waliokuwa wakiuziana ng'ombe na mahindi walirushiana mishale na kuchomeana nyumba. Ulimi ulikuwa umegeuzwa kitambulisho, na kitambulisho hati ya kifo.

Sasa ulinganishe na yale aliyoyafanya Wanjau. Alichukua alama ile ile, s badala ya sh, akaiweka katikati ya sebule za Wakenya wote, na ikawa sababu ya watu kusogeza viti karibu. Mgusii aliyekuwa na jirani Mjaluo kule Sondu, ambako ndizi zetu hukutana na samaki wao, alijifunza kuisikia lafudhi ile na kutabasamu kwa upendo, kama mtu amsikiapo babu yake. Na Wajaluo wenyewe walimpenda wakamfanya wao. Sijui kama ipo hati ya uraia inayoweza kushinda hiyo.

Yupo atakayeniambia kwamba vichekesho vya namna hii hueneza dharau za kikabila, kwamba Mjaluo huchorwa hivi, Mkalenjin vile, na Mkisii namna nyingine. Hoja hiyo ina uzito, na vipo vichekesho vingi vya siku hizi vinavyostahili kushutumiwa kwayo. Mchekeshaji akosapo la kusema, huiga ulimi wa kabila fulani na kungoja kicheko. Lakini Ojwang hakuchekwa kwa kuwa Mjaluo. Alichekwa kwa ubishi wake, kwa kujifanya anajua asiyoyajua, kwa kutaka kuwa bwana wa nyumba huku kila mtu akiona kwamba bwana halisi ni Mama Kayai. Hizo ni ila ambazo kila boma la Gusii linazo. Mzee wa Nyamira aliyekuwa akimcheka alikuwa akimcheka na mwenziwe aliyeketi kando yake, na pengine mke wake alikuwa akimcheka yeye. Lafudhi ilikuwa vazi tu, na aliyevikwa vazi hilo alikuwa mtu kamili, mwenye hasira, aibu na huruma. Hiyo ndiyo tofauti ya kucheka na kudharau.

Mtu huyu aliyetupa mengi hakupata mengi. Macho yake yalipoanza kufifia uzeeni, ilibidi mashabiki wachange fedha ili atibiwe. Michango hiyo ilikuwa ushahidi wa mapenzi, na waliotoa wanastahili shukrani. Hata hivyo, ilikuwa pia ushahidi wa aibu yetu. Wala hatuko peke yetu katika hilo. Tanzania, Amri Athumani, ambaye Afrika Mashariki yote ilimjua kama King Majuto, naye aliugua huku umma ukichangishwa. Alipelekwa India kwa matibabu, na hatimaye akafariki tarehe 8 Agosti 2018. Waigizaji hawa huonekana na mamilioni ya watu, na sura zao huendelea kurushwa hewani hata baada ya wao kulazwa kaburini, lakini uzeeni hutegemea harambee. Mkataba wa Beijing wa mwaka 2012, ulioanza kutumika Aprili 2020, unamtambua mwigizaji wa filamu na runinga kuwa mwenye haki katika maonyesho yake. Haki iliyoandikwa ni mbegu, na mbegu isiyopaliliwa haimlishi mtu.

Basi tumkumbukeje? Kumlilia tumekwisha kumlilia. Ningependekeza mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, kanda za vipindi hivyo zitunzwe na zifunguliwe kwa watafiti na shule, maana humo mna sauti za Wakenya wa mwisho wa karne ya 20 jinsi walivyokizungumza Kiswahili, na kila kanda inayooza ni maktaba iliyoteketea. Pili, na hili nawaelekezea walimu wenzangu wa Kisii na Nyamira, tuwasahihishe watoto bila kuwavunja. Mtoto anayesema kurara ana Ekegusii ulimini mwake, naye hana hatia. Afundishwe l kwa upole, na mwenzake anayesema sule afundishwe sh kwa upole ule ule, na darasa lisiruhusiwe kuwacheka kwa kicheko kinachouma. Kicheko cha namna hiyo huanza darasani kikiwa kidogo, kisha hukua, na siku moja huenda kikasimama barabarani na kumtaka mpita njia aseme Shibolethi.

Benson Wanjau alithibitisha kwamba ulimi wa jirani unaweza kukaa kinywani mwako ukaheshimiwa. Mkikuyu aliishi miaka na mikaka akiwa Mjaluo, na alipokufa Abagusii wakamlilia kama wao. Katika nchi inayohesabu watu kwa makabila kila baada ya miaka mitano, huo ni urithi ambao hatuna ruhusa ya kuutupa. Mola amlaze pema.