Donovan, wakili aliyebadilishana majasusi darajani

Wengi wanamjua James Donovan kwa sura ya Tom Hanks, katika filamu ya Bridge of Spies ya mwaka 2015. Mwenyewe alikuwa wakili wa bima jijini New York. Mwaka 1957 alimtetea Rudolf Abel, jasusi wa Kisovieti. Kesi alishindwa, ila alimnusuru na adhabu ya kifo kwa hoja ambayo mfanyabiashara yeyote angeielewa: mfungwa aliye hai huweza kubadilishwa.

Februari 10, 1962, kwenye daraja la Glienicke, mpakani mwa Berlin Magharibi, Abel alibadilishwa na rubani Mmarekani Francis Gary Powers. Mwanafunzi Frederic Pryor naye aliachiwa kwenye kivuko kingine. Mmoja kwa wawili!

Desemba mwaka huohuo, jambo ambalo filamu inaligusa kwa maandishi ya mwishoni tu, Donovan alifanikisha kuachiwa kwa wafungwa zaidi ya 1,100 nchini Cuba, kwa malipo ya chakula na dawa. Alifariki mwaka 1970.