Kawaida si salama: Clair Patterson na sumu ya risasi

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unaishi Kaloleni, atadhani ni ile ya Kilifi, yenye minazi. Mimi nipo Kaloleni ya Nairobi, mtaa wa nyumba za mawe uliojengwa miaka ya 1940, kando ya Jogoo Road ambako matatu hazikatiki. Zamani moshi wa magari haya ulibeba madini ya risasi yaliyotiwa kwenye petroli. Risasi hiyo leo haimo, na miongoni mwa wanaostahili shukrani ni mwanasayansi Clair Patterson, aliyefariki mwaka 1995.

Alizaliwa mwaka 1922 huko Iowa, Marekani. Kazi iliyompa jina ilikuwa kupima risasi iliyomo ndani ya kimondo ili kujua umri wa dunia. Jibu lake, miaka bilioni 4.55, bado linakubalika. Lakini kabla ya kulipata alihangaika kwa miaka mingi, kwani kila alipopima alikuta risasi nyingi mno. Ilikuwa kwenye vumbi, kwenye vyombo, hata kwenye nywele zake. Akalazimika kusugua kuta, kuchemsha vyombo kwa asidi na kujenga maabara safi kuliko karibu zote za wakati wake. Sisi tunaojua hukumu za tohara tutamfahamu: kitu kinaweza kung'aa machoni na bado kikawa na najisi.

Ndipo akajiuliza risasi hii yote yatoka wapi. Alipima maji ya bahari, akakuta ya juu yana risasi nyingi kuliko ya kina kirefu. Alichimba barafu ya Greenland, akaona ya zamani ina kidogo sana na ya karne yake imejaa. Mkosaji mkubwa alikuwa petroli, iliyotiwa risasi tangu miaka ya 1920 ili injini zisigonge.

Wenye viwanda walikuwa na mtaalamu wao, daktari Robert Kehoe, aliyeshikilia kwamba risasi ni kitu cha kawaida katika mwili wa binadamu. Mwaka 1965 Patterson alichapisha jibu lake: watu wote waliopimwa walikwisha kuchafuliwa, kwa hivyo kilichoitwa kawaida ni sumu iliyoenea. Waswahili husema kawaida ni kama sheria. Yeye aliikataa sheria hiyo, na ikamgharimu. Alinyimwa fedha za utafiti, na mwaka 1971 jopo la kitaifa lililochunguza risasi hewani liliundwa bila yeye.

Hakunyamaza. Marekani ilianza kupunguza risasi katika petroli miaka ya 1970, na kati ya 1976 na 1991 kiwango cha risasi katika damu ya Wamarekani kilishuka kwa asilimia 78. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara, Kenya ikiwemo, ziliiacha kufikia mwaka 2006. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Lakini msomaji wangu wa Pwani, risasi haikuhama na petroli. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wake, alianza kupaza sauti baada ya mwanawe mchanga kupatikana na sumu hiyo. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya hapo kesi ikaendelea kwenye rufaa.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto, kwa kuwa huharibu ubongo unaokua. Basi betri kuukuu isivunjwe uani wanakocheza watoto. Na moshi ukizidi jirani na kwenu, mkaambiwa ndivyo ulivyo siku zote, dai hewa, udongo na damu za watoto vipimwe. Patterson alianzia hapo hapo, kwenye kupima.