Habari za Padre Cecil Majaliwa, Mwanafunzi wa Kiungani

Katika yubile hii twawakumbuka wazee waliotutangulia, na miongoni mwao ni Padre Cecil Majaliwa, Mwafrika wa kwanza aliyepewa upadre katika misheni ya UMCA.

Kwa kabila alikuwa Myao. Angali mtoto alichukuliwa utumwani. Na alipokombolewa akawekwa Unguja, katika Chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, kusini ya mji. Wengi wa wanafunzi wa hapo hali yao ilikuwa moja: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine, watoto waliotengwa na jamaa zao, wala hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kiswahili kikawafanya ndugu. Walisali, wakasoma, wakafanya na kazi za mikono. Palikuwa na mtambo wa kupiga chapa, na vijana wenyewe walisaidia kuchapa vitabu vya Kiswahili. Baadhi yao waliandika habari za kutekwa kwao, na Mwalimu Madan akazitoa katika kitabu mwaka 1887. Basi tusidhani ya kuwa walifika chuoni na mioyo mitupu. Kila mmoja alikuja na msiba wake.

Baadaye Majaliwa alipelekwa Uingereza, akasoma Canterbury katika Chuo cha Mtakatifu Agostino, kilichowekwa mwaka 1848 kwa ajili ya watu waendao kazi ya misheni.

Mwaka 1886 akawa shemasi, akatumwa Chitangali, upande wa Ruvuma, kwa Nakaam, mkubwa wa Wayao. Hapo kazi ikawa ngumu kwa namna nyingine. Chuoni kengele humwamsha mtu, na wenziwe humchukua kanisani. Chitangali alikuwa mbali na wenzake, naye ilimpasa kushika mwenyewe saa za sala na za mafundisho. Lakini alikuwa amerudi kwa kabila lake, akiwahubiri kwa lugha ya mama yake.

Mwaka 1890 Askofu Smythies alimpa upadre Unguja, katika Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipouzwa watu hata mwaka 1873. Mtoto wa utumwa akasimama altareni pale pale palipokuwa na soko. Kisha akarudi Chitangali kwa watu wake.

Ndugu walimu, chuo hakipimwi kwa siku tulizokaa ndani yake. Hupimwa siku ile tupelekwapo kijiji cha mbali, pasipo kengele wala mkubwa wa kutuangalia, na watoto wanatungoja mlangoni.